Binti Mfalme wa Misri na Maradhi ya Moyo: Msiseme Tena ni Ugonjwa wa Wazungu

Najua nimepotea hapa kijiweni kwa muda mrefu, na wengine mmeshaanza kumuuliza dada kama bado nipo hai. Nipo jamani, namshukuru Mungu. Ni zamu za usiku tu ndizo zinatumaliza, ukitoka asubuhi unachotaka ni kitanda, si kompyuta.

Leo nataka niwape historia. Najua mmezoea niwaandikie habari za baridi, bei za nyumba na vituko vya wagonjwa wangu (bila kuwataja majina, kazi ninaitaka bado!). Lakini wiki tatu zilizopita niliongea na Mama kwenye simu, nikamuuliza dawa za presha anakunywaje. Akajibu kwa raha zake kwamba ameziacha tangu baada ya Ramadhani, kwa sababu anajisikia mzima, na kwamba presha na moyo ni magonjwa ya Uzunguni, ya watu wanaokula vya makopo. Yeye anakula mihogo, mchicha na dagaa, presha itamwona wapi?

Mama, najua mjukuu wako atakusomea haya kwenye simu. Nakuomba umsikilize mpaka mwisho. Na Shangazi pia. Na Baba Mkubwa kama haya yatamfikia, hasa yeye.

Ninayetaka kuwaeleza habari zake ni mwanamke aliyezikwa miaka takriban 3,500 iliyopita. Hakuwahi kuona kopo, soda, sigara wala chipsi. Anaitwa Ahmose-Meryet-Amon. Hilo la mwisho maana yake ni "mpendwa wa Amun", na Amun alikuwa mungu mkubwa wa mji wao. Msimchanganye na malkia mwingine mwenye jina hilohilo, mke wa mfalme Amenhotep wa Kwanza. Wamisri wa kale walikuwa kama sisi kwenye kurithishana majina: ukoo mmoja una akina Mwanaisha sita, ukiita mmoja wanaitika wote.

Huyu wetu alikuwa binti mfalme. Baba yake anatajwa kuwa ni Seqenenre Tao, mfalme wa Thebes, mji ambao leo unaitwa Luxor, huko kusini mwa Misri kandokando ya mto Nile. Wakati ule Misri ilikuwa imegawanyika. Kaskazini, kwenye delta, walitawala wageni walioitwa Hyksos, makao yao yakiwa Avaris. Kusini walibaki wafalme wa Thebes, na hao ndio walioanzisha vita ya kuikomboa nchi.

Seqenenre alikufa kifo kibaya. Maiti yake ipo mpaka leo, na kichwani ina majeraha makubwa ya shoka na silaha nyingine. Mwaka 2021 wataalamu wa Misri walitoa matokeo ya picha za CT scan za maiti hiyo, wakasema inaelekea alitekwa vitani, akafungwa mikono na kuuawa. Vita haikuishia hapo. Mwanawe Ahmose ndiye aliyekuja kuwafukuza Hyksos, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, na hapo ndipo ulipoanza ule utawala mkubwa wa Misri unaoitwa Ufalme Mpya, ambao baadaye ulitoa akina Tutankhamun na Ramses.

Kwa hiyo binti huyu alitoka nyumba kubwa. Baba shujaa, ndugu yake shujaa. Yeye vitabu vya historia havina la kusema juu yake. Hakuongoza jeshi, hakujenga hekalu linalojulikana. Angebaki jina tu kama si mwili wake.

Sasa mtauliza mwili ulifikaje mpaka leo. Wamisri walikuwa wakikausha maiti zao kwa chumvi inayoitwa natron, ambayo kwa kweli ni ndugu wa magadi yetu haya tunayochemshia kunde. Walitoa utumbo, ini, mapafu na tumbo. Ubongo nao mara nyingi waliutoa. Lakini moyo waliuacha palepale kifuani kwa makusudi. Kwao moyo ndio ulikuwa akili, kumbukumbu na dhamira ya mtu. Waliamini kwamba huko kuzimu moyo utapimwa kwenye mizani, upande mmoja moyo, upande wa pili unyoya wa Maat, yaani haki na ukweli. Ukiwa mzito kwa maovu, basi umekwisha. Hata sisi tunasema fulani ana moyo mzito, fulani ana moyo safi. Tunaelewana nao.

Baadaye wezi wa makaburi wakawa wengi, wanavunja na kuiba dhahabu. Makuhani wakakusanya maiti za wafalme na jamaa zao wakazificha pamoja kwenye shimo refu katika miamba ya Deir el-Bahri, upande wa magharibi wa Nile. Zikakaa humo kiasi cha miaka 3,000 kimya. Katika miaka ya 1870 familia moja ya kijiji cha jirani ikaligundua shimo, ikawa inauza vitu kidogokidogo kwa watalii, mpaka serikali ikashtuka. Mwaka 1881 maafisa wakaingia na kukuta maiti zaidi ya 50, akiwemo Ramses wa Pili mwenyewe! Zikapakiwa kwenye meli kwenda Cairo. Inasimuliwa kwamba meli ilipopita, wanawake wa vijijini walitoka kando ya mto wakalia na kuomboleza kama vile mazishi yanapita leo. Katika msafara huo wa maiti alikuwemo Seqenenre, na alikuwemo pia huyu binti.

Hapo ndipo inapoingia taaluma yangu, vumilieni.

Mwaka 2008 daktari mmoja wa moyo kutoka Marekani, Gregory Thomas, alikuwa Cairo na mwenzake wa Misri, Adel Allam. Walipita kwenye jumba la makumbusho wakakuta kibao kwenye maiti ya Farao Merneptah, kinasema alikufa akiwa na umri wa miaka kama 60 na kwamba alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya damu kukakamaa. Hawakuamini. Watafiti hawa nao walikuwa na mawazo kama ya Mama: ugonjwa wa kisasa utampataje mtu wa zamani zile, anayetembea kwa miguu na kula chakula cha shambani? Wakaamua kupima wenyewe.

Wakazipitisha maiti kwenye CT scan. Matokeo ya kwanza yalitoka Novemba 2009: kati ya maiti 16 ambazo mishipa au moyo bado vilionekana, 9 zilikuwa na dalili za ugonjwa huo. Wakaongeza idadi. Mwaka 2011 walikuwa wamepima maiti 52. Katika hizo, 44 mishipa yao ilionekana, na 20 walikuwa na ugonjwa. Hiyo ni karibu nusu, jamani!

Na kati ya wote, binti mfalme wetu ndiye aliyewashangaza zaidi. Walikadiria alikufa akiwa katika miaka ya 40. Katika ile mishipa mikuu 3 inayolisha moyo wenyewe, 2 ilikuwa imekakamaa. Walimtangaza kuwa ndiye mtu wa kale zaidi aliyejulikana mpaka mwaka huo kuwa na maradhi ya mishipa ya moyo. Wakasema kama angekuwa mgonjwa wao leo, wangempeleka kwenye upasuaji mkubwa, ule wa kuchukua mshipa sehemu nyingine ya mwili na kuupachika ili damu ipite pembeni ya palipoziba.

Ngoja niwaeleze kwa lugha ya jikoni. Mnalijua birika la zamani la Bibi, lile lililochemshiwa maji ya kisima miaka na miaka? Ndani limeshika ukoko mweupe mgumu, mpaka mdomo wake umekuwa mwembamba na chai inatoka kwa shida. Mishipa yetu nayo hivyohivyo. Mafuta yanaganda kwenye kuta, mwili unajaribu kupambana, panavimba, na kadiri miaka inavyokwenda panajaa madini ya kalsiamu, yaleyale yanayojenga mifupa. Mafuta yakioza na nyama ikikauka, kalsiamu inabaki. Ndiyo maana hata baada ya miaka 3,500 inang'aa nyeupe kwenye picha, kama mfupa mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mfupa. Mimi picha kama hizo nazikuta kwa wagonjwa wangu. Nilipoiona ya binti huyu nikasema, huyu ningempokea wodini kwangu na wala nisingestuka.

Hapa mjini Manchester kuna jumba la makumbusho lenye vitu vingi vya Misri ya kale, pamoja na maiti. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Nikasimama mbele ya kioo nikaona aibu kidogo, maana kwetu maiti haitazamwi hivi. Nikamsomea dua kimoyomoyo nikaondoka. Lakini chuo kikuu cha hapa kina historia ndefu ya utafiti huu, na Profesa Rosalie David na wenzake waliandika mwaka 2010 juu ya vyakula vya hekaluni. Walisoma maandishi yaliyochongwa kwenye kuta za mahekalu, yanayoorodhesha sadaka za kila siku kwa miungu: nyama ya ng'ombe, bata bukini, mikate iliyotiwa mafuta, pombe, matunda. Miungu haili, kwa hiyo baada ya ibada makuhani walizibeba zile sadaka kwenda kula na familia zao. Nyama ya bata bukini ina mafuta mengi sana. Wakati mwananchi wa kawaida alikula mkate, vitunguu, dagadaga za mboga na samaki, wakubwa walikula minofu.

Basi mnasema, si ndiyo hivyo, ni ugonjwa wa matajiri! Subirini. Mwaka 2013 watafiti walewale walitoa matokeo ya maiti 137 kutoka sehemu nne za dunia: Misri, Peru, kusini magharibi mwa Marekani na visiwa vya Aleutian huko karibu na Alaska. Watu wa Aleutian walikuwa wawindaji na wavuvi, hawakuwa na ufalme wala bata wa kunenepesha. Katika wote hao 137, 47 walikuwa na dalili za ugonjwa, na kila sehemu walikuwemo. Hata yule mtu aliyekutwa kwenye barafu za milima ya Alps mwaka 1991, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, mishipa yake ilikuwa imeanza kukakamaa.

Watafiti wanatoa sababu kadhaa. Umri ni moja: kadiri unavyozeeka ndivyo hatari inavyopanda. Kurithi ni nyingine. Ya tatu ni magonjwa ya kuambukiza ya kila mara, minyoo na homa, ambayo huufanya mwili uwe vitani muda wote, na vita hiyo huumiza mishipa. Na ya nne ni moshi wa kuni ndani ya nyumba. Hapo Mama nataka unisikie vizuri. Lile jiko letu la nyuma lisilo na dirisha, umekaa nalo miaka 40.

Kuna habari njema pia. Mwaka 2017 ilitoka ripoti juu ya kabila la Watsimane wa Bolivia, wanaoishi msituni kwa kulima, kuvua na kuwinda. Walipimwa watu 705, na 85 kwa kila 100 hawakuwa na kalsiamu yoyote kwenye mishipa ya moyo. Hao hutembea na kufanya kazi za mikono sehemu kubwa ya siku na wavutaji sigara ni wachache. Kwa hiyo haya maradhi yapo ndani yetu wanadamu tangu zamani, lakini namna tunavyoishi inaweza kuyachelewesha sana.

Sasa nifike ninapotaka kufika, na hapa mkono wangu ni mzito kidogo.

Mwaka huohuo wa 2009, nikiwa mwaka wa kwanza wa digrii ya uuguzi, tulimzika Baba. Alikuwa na miaka 51. Wote mnakumbuka ilivyokuwa. Alirudi kutoka kwenye kikao cha shamba nyumbani kwa Baba Mkubwa, walikuwa wamebishana juu ya mpaka. Usiku akasema tumbo limejaa gesi, akapewa maji ya tangawizi. Kifua kikawa kinambana. Akawa anausugua mkono wa kushoto, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji. Asubuhi akapelekwa kituo cha afya, akaambiwa ni malaria, akapewa dawa akarudishwa. Hakufika adhuhuri.

Kwenye tanga likaanza neno. Kala kwa nani jana? Nani alikuwa analitaka shamba? Neno likakua likawa hukumu. Tangu siku ile, zaidi ya miaka 15, watoto wa ndugu wawili hawasalimiani. Baba Mkubwa hakualikwa kwenye harusi ya dada. Mimi mwenyewe nilipita mbele ya nyumba yake likizo ya mwisho nikageuza uso. Mimi, nesi mwenye digrii!

Kuna kitabu cha tiba cha Wamisri kilichoandikwa kwenye mafunjo, kinaitwa Papirasi ya Ebers, cha yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, yaani wakati wa binti huyu na ndugu zake. Leo kimehifadhiwa Leipzig, Ujerumani. Ndani yake tabibu anafundishwa kuweka vidole kichwani, mikononi na miguuni mwa mgonjwa, kwa sababu moyo unasema kupitia mishipa yote. Ndiyo mapigo tunayohesabu mpaka leo. Na kuna mahali anaambiwa kwamba akimkuta mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo upande mmoja, mkononi na kifuani, ajue mauti yanamkaribia.

Niliposoma hapo nililia, sikufichi. Tumbo, mkono, kifua. Watu wa miaka 3,500 iliyopita, bila CT scan, bila umeme, walikwisha kuyaona yaliyompata Baba, wakayaandika. Sisi tulikuwa naye chumba kimoja tukaona uchawi.

Sina cheti kinachosema Baba alikufa kwa moyo, hakuna aliyempima. Lakini hawa ni wagonjwa ninaowauguza kila wiki. Dalili zile alizokuwa nazo, ningezisikia leo mlangoni, ningepiga kengele ya hatari kabla mtu hajamaliza sentensi. Ugomvi unaweza kuchangia, hasira hupandisha presha, lakini ugomvi si sumu na Baba Mkubwa si mchawi. Alimpoteza mdogo wake, na sisi tukampokonya na haki ya kumlilia.

Shangazi, nakuheshimu, wewe ndiye uliyetulea wakati ule. Nakuomba kwa unyenyekevu, neno lile uliangushe. Na mimi nitampigia Baba Mkubwa simu Jumapili hii nimwombe radhi, kwa niaba yangu mwenyewe kwanza.

Na yaliyobaki ni ya kinesi, myaandike ukutani:

Presha haina dalili kwa watu wengi. Kujisikia mzima si sababu ya kuacha dawa. Kama inakusumbua, rudi kwa daktari aibadilishe, usiache mwenyewe.

Kifua kinachobana, maumivu yanayokwenda mkononi, shingoni au tayani, jasho la baridi, kichefuchefu: hiyo ni hospitali, tena sasa hivi, si kesho. Wanawake wakati mwingine hawapati kifua kubana sana, wanachoka ghafla, wanakosa pumzi, au mgongo unauma.

Wenye zaidi ya miaka 40 mpimwe presha na sukari hata kama hamuumwi. Kwa upande wetu Baba alikufa na 51, kwa hiyo sisi watoto wake ndio wa kwanza. Mimi nimeshapima. Kaka, wewe bado, najua.

Chumvi punguzeni. Na lile jiko tulitoboe dirisha, hela nitatuma mwisho wa mwezi.

Aprili 2021 Misri walifanya msafara mkubwa sana wa kuhamisha maiti 22 za wafalme na malkia kwenda jumba jipya la makumbusho. Nadhani wengine mliona kwenye televisheni, magari ya dhahabu na ngoma. Aliyetangulia mbele alikuwa Seqenenre, yule baba mwenye majeraha ya shoka. Binti yake hakuwemo kwenye wale 22. Baba kapigiwa mizinga, binti hana hata anayemjua mtaani. Lakini mimi kwa kazi yangu naona binti ndiye aliyetuachia la kutufaa zaidi, ametuambia kwamba maradhi haya hayana Uzungu wala uchawi.

Haya wapendwa, nimeandika mpaka chai imepoa, na leo usiku naingia tena kazini. Mama, nitapiga kesho saa mbili asubuhi ya kwenu, na nitataka nikusikie ukimeza hicho kidonge!

Tuombeane uzima. Tuko pamoja.